Pochi ya Bitcoin ya kikundi, saini mbili kati ya tatu: vifaa gani vya kununua

Kikundi kinachoweka akiba kwa Bitcoin kinahitaji utaratibu uleule ambao vyama hutumia benki: fedha hazitoki mpaka watia saini wawili kati ya watatu waridhie. Mwenyekiti, katibu na mweka hazina, kila mmoja anakaa na kifaa chake, yaani kidude kidogo kinachotunza ufunguo wa siri wa kutia saini, na maneno yake 24 yanayoweza kuurejesha ufunguo huo. Kimoja kikiibwa, mwizi hana saini ya pili. Kimoja kikiungua, waliobaki wawili wanatosha.

Msinunue vitatu vya aina moja. Udhaifu ukigunduliwa katika programu ya ndani ya kifaa hicho, funguo zote tatu zimo hatarini siku hiyohiyo, na faida ya saini nyingi imekwisha. Chagueni watengenezaji watatu tofauti. Orodha hii inaanza na kile ambacho tungekichukua kwanza.

1. Coldcard, Mk4 au Q. Inatengenezwa Kanada na inashika Bitcoin peke yake. Inasaini kupitia kadi ya microSD bila kuunganishwa na kompyuta. Q ina pia kamera ya kusoma msimbo wa QR na kibodi kamili, ila bei yake inavuka dola 200. Sifa inayoiweka juu ni kwamba inahifadhi ndani yake mpangilio wa pochi yenu, yaani funguo za wenzenu wote na kanuni ya saini mbili kati ya tatu. Kompyuta yenye kirusi ikijaribu kubadilisha ufunguo wa mwenzenu mmoja ili fedha ziingie kwenye anwani ya mwizi, kifaa kinakataa. Inakuja kwenye mfuko wenye namba; namba hiyo lazima ilingane na inayoonekana kwenye skrini mnapoiwasha mara ya kwanza.

2. BitBox02, toleo la Bitcoin pekee. Ya Uswisi, nyepesi kwa asiyezoea, na nayo husajili pochi ya kikundi kwa jina. Angalizo ni nakala yake ya kurejesha ufunguo: inawekwa kwenye kadi ya microSD bila nywila, hivyo anayeiokota kadi ameokota ufunguo. Andikeni pia maneno 24 kwenye karatasi.

3. Trezor Safe 3. Bei nafuu, na programu yake iko wazi kukaguliwa na yeyote. Ina mitego miwili. Kwanza, usipochagua vingine hutoa nakala ya maneno 20, ambayo vifaa vingi vya watengenezaji wengine haviwezi kuisoma. Wakati wa kuanza chagueni maneno 12 au 24. Pili, haihifadhi mpangilio wa pochi, kwa hiyo mnapohakiki anwani lazima mlinganishe kwa macho funguo za umma zote tatu, yaani sehemu za funguo zisizo za siri ambazo anwani hutengenezwa nazo.

4. Blockstream Jade. Ina kamera na bei yake si kubwa. Kwa kawaida PIN yake huthibitishwa kupitia seva, kwa hiyo mtandao ukikatika mnaweza kukwama.

5. Ledger Nano S Plus. Inafanya kazi vizuri, lakini sehemu kubwa ya programu yake ya ndani imefungwa. Isitoshe, mwaka 2020 majina na anwani za wateja wa Ledger zilivuja mtandaoni. Kwa kifaa chochote, agizeni moja kwa moja kwa mtengenezaji na mtumie sanduku la posta, si nyumbani. Kilichotumika msikiguse. Kikija na maneno yameshaandikwa, huo ni wizi.

Kwa kuunganisha funguo zenu tatu, pakueni Sparrow, programu ya pochi ya Bitcoin, kwenye kompyuta na mhakiki saini ya kidijitali ya watengenezaji kwenye faili kabla ya kulifungua. Fungueni pochi mpya, chagueni "Multi Signature", 2 kati ya 3, aina ya "Native Segwit". Kila mmoja aingize ufunguo wake wa umma, yaani xpub, kutoka njia m/48'/0'/0'/2', ambayo huonyesha ufunguo upi wa kutoa kwenye kifaa. Anwani itakayotoka huanza na bc1q na ina herufi na tarakimu 62. Ikiwa na 42, mmeunda pochi ya mtu mmoja.

Sasa jambo linaloweza kupoteza fedha za kikundi hata bila wizi. Anwani yenu imetengenezwa kwa funguo za umma zote tatu, na ili kutumia fedha lazima zote tatu zijulikane. Maneno ya katibu na mweka hazina yanazaa mbili tu. Kama kifaa na maneno ya mwenyekiti vimepotea na faili la mpangilio wa pochi halipo, saini mbili mnazo lakini fedha hamzifikii. Kwa hiyo toeni faili hilo kwenye Sparrow, lichapisheni nakala tatu, kila mtu aweke yake. Anayeliona hawezi kuiba, ila ataona salio lenu lote, basi msilitume kwenye kundi la WhatsApp.

Kabla ya akiba kuingia, wekeni kiasi kidogo na mkitoe mara tatu: mwenyekiti na katibu, katibu na mweka hazina, mweka hazina na mwenyekiti. Kisha futeni kifaa kimoja kabisa na mkirejeshe kwa maneno yake. Karatasi yenye neno lililokosewa hujulikana hapo, wakati bado hakuna hasara. Ada ya kutuma itakuwa kama mara moja na nusu ya pochi ya kawaida, kwa sababu muamala unabeba saini mbili na funguo tatu.

Akiba yenu ikiwa USDT, sarafu ya kidijitali inayofuata thamani ya dola, mpangilio huu hauwafai. Huu ni wa Bitcoin tu.

Uongozi ukibadilika, msimkabidhi kiongozi mpya kifaa cha aliyetoka. Huenda maneno bado anayo. Kiongozi mpya aanze na maneno mapya, mtengeneze pochi mpya, mhamishe salio lote, na mtunze faili la zamani, maana mtu anaweza bado kutuma mchango kwenye anwani ya awali.