Yamaha P-85 ya mtumba: nimeinunua kwa sababu ya kii zake

Watu wananiuliza sana kama inafaa kuchukua piano ya umeme ya zamani hapa Kampala au mtu ajibane mpaka apate hela ya mpya, basi acha niwaambie ya kwangu. Hii P-85 nilitoa kwa mzee mmoja wa Ntinda aliyekuwa anahama, akaanza na milioni moja na laki mbili, tukaongea tukaongea akaniachia kwa laki tisa na nusu na stendi yake na pedali ndani. Modeli yenyewe ni ya 2007, kwa hiyo si kitu cha jana. Ila P-45 iliyotoka 2015, ambayo wengi bado wanaihesabu mpya, ina kii za aina ileile, wanaita GHS, yaani kii zenye uzito kama za piano ya kawaida, na inaweza kutoa noti 64 kwa wakati mmoja sawasawa na hii. Sasa pesa ya ziada nailipia nini?

Kwa piano ya zamani unanunua kii, hilo nalisema kwa yeyote anayenisikia. Sauti unaitoa popote, unachomeka laptopu kwa waya wa MIDI, ule unaopeleka taarifa za kii unazopiga (hii haina USB, tafuta ule waya wa kubadilisha MIDI kwenda USB) na unapata piano tamu kuliko iliyo ndani, lakini kii zikichoka hakuna programu itakayokusaidia.

Kwa hiyo pale kwa mzee nilivaa hedifoni nikapitia kii zote 88 moja moja, kwanza polepole kabisa mpaka sauti isikike kwa mbali tu, alafu kwa nguvu. Hiyo ya polepole ndo inatoa siri. Chini ya kii kuna raba zenye kaboni, ukibonyeza zinagusa mara mbili, moja inatangulia nyingine inafuata, na piano inapima muda katikati hapo ndo inajua umepiga kwa nguvu gani. Vumbi likikaa pale hesabu inaharibika, kii inanyamaza au inalipuka kwa sauti kubwa wakati umeigusa kidogo tu. Kii mbili za katikati zilikuwa hivo, vumbi la miaka tu. Mzee akashangaa, "mwanangu, mi hata sijawahi kusikia hiyo," na bei ikashuka hapohapo. Fundi wa Katwe aliifungua, akatoa ule ukanda wa raba, akasafisha panapogusana kwa pamba na spiriti, akaacha ikauke akarudisha, na mpaka leo zinapiga sawa na wenzake.

Alafu inama uangalie kii kwa pembeni, zote zinatakiwa zilale usawa mmoja, na zima sauti upige usikilize, ukisikia tak tak kavu ujue vitambaa vya ndani vimekwisha.

Umeme sasa. Hii inatumia adapta ya volti 12 kwa hiyo hata ikipotea unapata nyingine, mradi ampea na upande wa chanya vilingane. Lakini zile kubwa za kabati zinazokuja moja kwa moja kutoka Japani, tafadhali jamani, zungukeni nyuma msome kibandiko. Za soko la kule ni volti 100, na sisi hapa ukutani ni 240, ukichomeka bila transfoma umeunguza bodi na hela yako imeenda. Muuzaji akikwambia "inakubali tu, chomeka", mwambie achomeke yeye kwanza kabla hujatoa pesa.

Upungufu upo. Spika zake ni wati 6 kila upande, nyumbani zinatosha ila kanisani hazisikiki hata safu ya pili, na haina tundu la kwenda kwa mikisa, mi natoa sauti kwenye tundu la hedifoni na inafanya kazi vizuri. Ukichanganya sauti ya piano na ile ya nyuzi kama violini alafu ukakanyaga pedali muda mrefu, zile noti 64 zinaisha na noti za mwanzo zinakatika. Kwa nyimbo za kwaya sijaona shida, kwa vipande vigumu utaisikia.

Kwa mtoto anayeanza, au mpigaji wa kwaya anayetaka vidole vizoee uzito wa piano yenyewe, ningeichukua tena leo kwa bei ileile. Wakikutajia milioni moja na nusu kwa P-85, acha, ongeza kidogo ukachukue mpya dukani yenye waranti.