Mafundi mtandao wa Uhindini: walipima kwanza

Nawapa nyota nne kati ya tano. Hiyo moja niliyoibana nitaieleza huko chini.

Nina steshenari hapa Makole, Dodoma. Kompyuta ya mbele ndiyo inapokea wateja: binti anachapa, anarekebisha, anasevu kwenye folda ya pamoja tuliyoipa jina KAZI. Folda iko kwenye seva ndogo chini ya kaunta, na kijana wa chumba cha nyuma anafungua humohumo, anaprinti. Mambo yalikwenda vizuri mpaka kijana akaanza kuletewa mambo ya kale. Binti amesharekebisha, yeye huko nyuma anaona faili la asubuhi. Mteja mmoja wa Nkuhungu alibadilisha namba ya kupokelea michango ya harusi, ikabadilishwa akiona kwa macho yake, kadi zikatoka na namba ya zamani. Kadi mia mbili! Waliowahi kukaa kwenye kamati za harusi wanaelewa maana yake: hela za watu zinaingia kwenye simu ya mjomba aliyeshajitoa.

Fundi wa kwanza, si hawa, alitaka apige Windows upya mashine zote. Wa pili akasema swichi ya mtandao, ile inayounganisha nyaya za kompyuta, imechoka, na kwa bahati alikuwa na nyingine kwenye begi. Tukanunua. Tatizo likabaki palepale.

Hawa wa Uhindini walimtuma kijana mmoja mpole. Hakugusa bisibisi. Alimwomba binti aandike neno kwenye faili la maandishi, asevu, huku yeye akihesabu sekunde kwenye simu. Akaangalia kwanza kwenye seva yenyewe: neno lipo, papo hapo. Akaenda nyuma: halipo. Akaniambia, “Mama, mwandishi hana kosa. Huyu wa nyuma anasoma nakala yake mwenyewe.” Hapo nikavuta kiti.

Kumbe Windows ikishaiuliza seva kuhusu folda ya mtandao, hukaa na jibu kwa muda ili isiulize kila mara. Orodha ya mafaili na taarifa zake hukaa nazo sekunde 10, na jibu la kwamba faili halipo sekunde 5. Ndiyo maana binti akipaza sauti “tayari, fungua!”, kijana akifungua harakaharaka hakuti kitu. Lakini sekunde 10 haziwezi kueleza faili la asubuhi kuonekana saa nane mchana. Fundi mvivu angebonyeza F5 ya kuonyesha orodha upya, akachukua hela yake. Huyu aliingia Control Panel, akafungua Sync Center, akakuta Offline Files imewashwa kwenye mashine ya nyuma peke yake. Maana yake mashine ile ilikuwa na nakala ya KAZI kwenye diski yake, na kila ilipoona mtandao mzito ilihamia huko bila kumwambia mtu. Na mtandao wa kule ni mzito kweli, Wi-Fi inapita kuta mbili za tofali. Alihakikisha kwanza hakuna kazi iliyokwama humo bila kufika kwenye seva, ndipo akaizima na kuiwasha mashine upya.

Zile sekunde 10 nazo akaziondoa, kwa PowerShell, dirisha la Windows la kuandikia amri: Set-SmbClientConfiguration, kisha DirectoryCacheLifetime akaiweka sifuri, na mipangilio mingine miwili, ya taarifa za faili na ya faili lisilopo, vilevile. Alinionya kwamba folda yenye mafaili mengi itafunguka taratibu zaidi, maana sasa seva inaulizwa kila safari. Ni kweli, nimeliona hilo, tukaigawa KAZI kwa miezi.

La ziada ambalo sikumwita kwa ajili yake: saa ya mashine ya mbele ilikuwa imerudi nyuma miaka, betri ya CR2032 kwenye bodi imekufa, umeme ukikatika inasahau tarehe. Kazi iliyotengenezwa pale na kunakiliwa KAZI inakwenda na tarehe ya uongo, na kijana anayepanga mafaili kwa tarehe anaikuta mkiani kabisa. Akabadilisha betri.

Sasa nyota iliyobaki. Tulipatana asubuhi, akafika alasiri, na kila nikipiga simu “niko njiani mama, niko Sabasaba hapa”. Tena aliondoka bila kuacha maandishi yoyote ya alichobadilisha, mpaka nilipomdai ndipo akanitumia WhatsApp. Kwa ofisi yenye mashine nyingi hilo si dogo.

Ufundi nililipa elfu arobaini, betri mbali. Alishauri nivute waya hadi chumba cha nyuma, lakini hakunilazimisha kununua kwake. Mkiwahitaji, waiteni kabla ya Aprili. Bunge la bajeti likishaanza, kila ofisi mjini inakumbuka printa yake mbovu na kuwapata inakuwa kazi.