Ramani Huria kwenye simu: maoni ya mfanyabiashara wa nafaka aliyekuwa anatafuta stoo Dar

Mimi nauza nafaka Magomeni, jumla na rejareja. Panya akiingia stoo atakula debe moja, mawili. Maji yakiingia usiku mmoja, magunia ya chini yanavimba, ya juu yanashika unyevu, na wiki haiishi kabla mchele haujaanza kunuka ukungu. Kwa hiyo nilipotaka stoo kubwa zaidi, nilifungua ramani kabla ya kumpigia dalali yeyote.

Ramani ninayoisifia hapa ni OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni inayochorwa na watu wa kujitolea; naifungua kupitia programu ya simu iitwayo OsmAnd. Unapakua Tanzania mara moja, halafu unaitumia hata bando likiisha. Kwa Dar es Salaam, utajiri wake mwingi umetokana na Ramani Huria, kazi ya kuchora ramani ya mitaa iliyoanza mwaka 2015. Wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliingia mitaani pamoja na wakazi: Tandale, Kigogo, Mburahati, Hananasif na kata nyingine zinazojaa maji. Juu zilirushwa droni, chini watu walitembea kwa miguu wakichora nyumba, vichochoro na mifereji. Matunda ya jasho lao yapo wazi kwa yeyote, bila kulipa hata shilingi.

Kilichonishika ni mifereji. Ramani nyingine kwenye simu yangu zinaonyesha barabara na maduka, basi. Hapa nikigusa mstari mwembamba nyuma ya nyumba, mara nyingi napata upana wa mfereji, kina chake, na kama umejengewa au ni wa udongo. Sehemu moja niliona mfereji mpana unaingia kwenye kalvati jembamba chini ya barabara. Huhitaji kuwa mhandisi kujua maji ya masika yatasimama wapi. Kasoro ni kwamba vipimo hivyo vimeandikwa kwa Kiingereza, na mama ntilie au fundi wa Kigogo, ambaye ndiye anayevihitaji zaidi, atahitaji mtu wa kumsomea. Hili lirekebishwe.

Stoo ya kwanza ilikuwa karibu na Mto Msimbazi. Dalali akanihakikishia, "Mama, hapa maji hayafiki, mwaka wa ngapi sasa." Nikapima kwenye simu: kutoka mtoni hadi mlangoni hazikutimia mita 60, ambazo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka ziachwe bila shughuli za kudumu. Nikaangalia ukuta. Plasta ya chini ilikuwa mpya, ya juu ya zamani, na mpaka wa hizo mbili umenyooka kama uliopigwa rula, usawa wa kitasa cha mlango. Nje alikaa bibi mmoja anachambua mchicha. Nikamsalimia, "Shikamoo bibi, maji huwa yanafika wapi hapa?" Akaweka mkono kiunoni. Dalali hakusema kitu tena.

Ila mita 60 peke yake isikudanganye. Stoo ya pili ilikuwa mbali zaidi na mto, na ndiyo iliyonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu ardhi yote kuanzia pale hadi mtoni imelala tambarare. Mto ukipanda kidogo tu, unatandaa. Kuna kingo nyingine zilizoinuka juu ambako mtu yuko karibu na mto na halowi, ingawa huko nako maji yanakula udongo wa chini mpaka nyumba inabaki inaning'inia. Msimbazi unaanzia milima ya Pugu huko Kisarawe na kutokea baharini kwenye daraja la Salender. Mvua ikipiga Pugu, eneo la Jangwani, huku chini bondeni, linajaa hata kama Magomeni kumekauka. Ramani ya mitaa ninayoitumia inanionyesha nyumba iko wapi; hainiambii iko juu kiasi gani, wala maji yatafika wapi mto ukipanda kwa mita moja au mbili. Ramani ya bonde la mafuriko ndiyo hujibu hilo, maana hupigiwa hesabu kwa mwinuko wa ardhi na wingi wa mvua. Wataalamu wanazo. Mimi nazitaka hapa hapa kwenye simu, juu ya nyumba zilezile ninazoziona.

Na tena nazitaka kwenye ofisi za serikali za mitaa, ukutani, kubwa, zenye majina ya mashina. Viwanja vingi Dar vinauzwa kwa karatasi ya mauziano inayogongwa muhuri mtaani. Pale pale, kabla ya muhuri, muuzaji na mnunuzi waonyeshwe kiwanja kilipo kwenye ramani. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40, na familia nyingi za bondeni zikahamishiwa Mabwepande. Tangu hapo watu wengine wamenunua bondeni kwa akiba ya miaka, na hakuna aliyewaonyesha chochote. Hilo linaniuma kusema kweli. Kuhamisha watu baada ya msiba ni gharama na machozi. Ramani ukutani ni karatasi.

Kumbuka pia kwamba mfereji uliopimwa ukiwa safi unaweza leo kuwa umejaa taka na mchanga. Nenda ukauone kwa macho. Ukikuta umebadilika, fungua akaunti urekebishe mwenyewe. Ramani inaruhusu, na mimi nimeshaongeza kalvati mbili za mtaani kwetu.

Naipa nyota 4 kati ya 5. Stoo nimepata, imeinuka, mfereji wa karibu umejengewa na unapitisha maji. Magunia bado nayapanga juu ya chaga. Ukitafuta chumba, fremu au kiwanja, pakua ramani sasa kabla ya masika, ukaulize na majirani wawili watatu wasio na cha kukuuzia.