Hadubini iliyonifungulia koleo la dume

Hadubini hii ya kutazamia kwa macho mawili, inayokuza kuanzia mara 7 hadi 45, nimekaa nayo misimu miwili ya mvua. Kazi yangu ni moja: kuwatambua wale kamba wadogo wa madimbwi, wanaoogelea chali na kutoweka dimbwi likikauka, huku mayai yao yakibaki udongoni kungoja mvua nyingine, pengine miaka kadhaa.

Anayetafuta hadubini ya kazi hii asivutwe na ukuzaji mkubwa. Mnyama mwenyewe ana sentimita moja au mbili tu. Majike wa spishi tofauti hufanana mno, kwa hiyo jina hutafutwa kwa dume, kwenye jozi ya pili ya vipapasio, anavyotumia kumshikia jike. Katika jenasi ya Streptocephalus, kundi mojawapo la kamba hawa, vipapasio hivyo hujikunja na kuishia na koleo la vidole viwili, na kila jino la vidole hivyo lina maana yake. Hapo ndipo nilipoipenda hadubini hii. Chini ya lenzi mna nafasi ya mikono yote miwili, kila mmoja na sindano yake. Nikalifungua koleo taratibu, nikaona jino ambalo kwa lenzi ya mkononi nilikuwa nikidhani ni uchafu. Tena unaona kina: kipi kiko mbele, kipi kimejificha nyuma.

Kasoro kubwa ni taa ya chini. Balbu yake inapata moto sana. Jioni moja nilizama katika kuchora, ethanoli, ile spiriti ya kuhifadhia wanyama, ikakauka kisahanini, vipapasio vya dume niliyemtegemea vikasinyaa. Iliniuma mno. Sasa taa hiyo siiwashi kabisa. Naweka ya LED pembeni na kuongeza ethanoli mara kwa mara.

Nakshi za maganda ya mayai, ambazo nazo husaidia kutenganisha spishi, hadubini hii haitakuonyesha vizuri. Hiyo ni kazi ya hadubini ya elektroni. Na ukihisi umepata spishi mpya, kusanya madume kadhaa waliokomaa, maana vipapasio vya wachanga havijakamilika umbo. Wahifadhi kwenye ethanoli, si formalini, ili DNA isiharibike.

Dume wangu mwenye lile jino bado hajalingana na mchoro wowote nilio nao. Wenzake sita wako chupani, na nitawafungua koleo mmoja mmoja kwa hadubini hiihii.