Chupa za achari: kabla hujatazama kioo, geuza kifuniko

Wenyewe husema Tanga waja leo waondoka leo. Siki yangu nayo iliondoka. Nilipanga kabatini chupa 12 za achari, matango madogo kutoka Lushoto, vitunguu saumu, na shibiti, lile jani la kunukia, niliyoisaka wiki nzima. Wiki ya pili nafungua kabati, sisimizi wamejipanga kama wasindikiza harusi. Chupa tisa zinavuja. Kugeuza vifuniko, ile rangi nyeupe ya ndani imebanduka na chini yake kutu imeganda kama ukoko wa wali. Nikamwaga zote. Nilinunua elfu nne kila chupa, jumlisha mwenyewe.

Basi leo siongelei unene wa kioo wala matunda yaliyochorwa ubavuni. Naongelea kifuniko, upande wa ndani, ambao dukani hakuna anayeutazama. Siki na chumvi hula bati. Kinga yake ni ule utando wa rangi na mpira wa pembeni, basi. Utando ukiwa na mkwaruzo mwembamba kama unywele, kutu inaanzia hapohapo. Mpira ukiwa mkavu, hewa inapenya, kuvu wanaota. Na ukiona kuvu usiwakwangue juu ukala kilichobaki: wapo wanaopunguza ukali wa siki, na pH (kipimo cha ukali huo; ikipanda, ukali umepungua) ikipita 4.6, vijidudu vya botulini, vile vya sumu ya chakula, vinapata pa kuishi. Sumu yake huenda usiione wala kuinusa.

Namba moja kwangu ni chupa za Ball za Marekani, na upendeleo sifichi. Kifuniko chake ni vipande viwili: kisahani bapa chenye mpira, na pete ya kukazia. Unajaza, unaacha nafasi ya sentimita moja na kitu juu, unachemsha chupa zikiwa zimezama kwenye maji. Za nusu lita dakika 10, ukihesabu tangu maji yachemke upya. Zikipoa, kisahani kinavutwa chini, utasikia "tik". Kesho yake bonyeza katikati. Kikidunda hakijashika, hiyo chupa ni ya friji, anzeni kuila. Lakini kilichonimaliza mimi ni hiki: kikishika, pete unaivua kabisa na kuiweka kando. Kwa hewa hii ya chumvi ya Raskazone, hapa Tanga ufukweni, pete ikibaki mdomoni inaota kutu mpaka uiombe radhi ndipo ifunguke. Pete unairudia, kisahani ni cha mara moja tu. Pima mdomo kabla ya kuagiza, kuna wa milimita 70 na wa 86.

Ya pili, Kilner ya Uingereza, ile ya kubana kwa waya. Kifuniko ni kioo, kwa hiyo siki haina cha kula, na mpira unabadilishika. Ikipoa achia waya, uinyanyue kidogo kwa kukishika kifuniko, ikining'inia, imeshika. Waya wake sasa, kwa bahari yetu, mmh.

Chupa za jemu mlizomaliza: friji tu. Za plastiki wekeeni karanga.

Na siki someni lebo, asidi asilimia 5, isipungue. Chupa nzuri haiokoi siki ya majimaji.

Wauzaji sasa. Nilipomwambia kijana wa duka nataka kuona ndani ya kifuniko, akanijibu, "Dada, ukifungua umenunua." Kaka yangu, kanga nalikunjua, embe nalinusa, kifuniko cha elfu nne nisikigeuze? Visahani peke yake hauzi, anataka ununue chupa nzima kila msimu. Nami naagiza kwa wifi yangu Dar, anavichomeka kwenye begi la nguo.

Zile chupa 12 zilizoniangusha nimetia iliki, mdalasini na binzari. Juzi napita, yule kijana ananiita, kashusha mzigo mpya.