Nyumba yako Mwanza: nini ununue kwanza, nini kisubiri

Mtu akipata fedha kidogo ya kuboresha nyumba hapa Mwanza, mara nyingi huanza na kile atakachokiona mgeni: dari la jipsamu, marumaru za sebuleni, makochi mapya. Vitu vizuri, lakini havimpunguzii mtu kazi. Ukitaka nyumba iwe rahisi kuishi, kila unachotaka kununua kiulizie hivi: kesho asubuhi kitampumzisha nani? Kwa nyumba nyingi jibu ni mama, dada wa kazi, au mtoto anayetakiwa kuwahi shule. Orodha hii nimeipanga kwa kuwafikiria hao, na kwa jiji hili la miamba. Angekuwa mtu wa Dodoma ningeipanga vingine.

Nafasi ya kwanza: tanki la maji lililoinuliwa, na bomba hadi ndani

Hili linaviacha vingine mbali sana. Ziwa Victoria liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na nyumba za Igogo, Mabatini, Isamilo au Bugando zimepanda mlima kutoka hapo. Maji ya MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, huvutwa ziwani, yakasafishwa, kisha yakasukumwa kwa pampu hadi kwenye matangi ya milimani ndipo yashuke mitaani. Umeme ukikatika kwenye pampu, au walio bondeni wakifungua koki zao kwa wakati mmoja, wa juu anasikia bomba likikoroma tu. Ndiyo maana kuna akina mama wanaoamka saa tisa usiku kukinga maji, kwa sababu ndiyo saa yanapofika. Tanki linaamka badala yao.

Ukubwa gani? Piga hesabu ya watu na ya mgao. Mtu anayetumia maji kwa uangalifu, akioga, akifua, akipika na kusafisha choo, anamaliza kama lita 50 kwa siku. Familia ya watu sita ni lita 300. Mtaa wenu ukipata maji mara mbili kwa wiki, unahitaji akiba ya siku nne, yaani lita 1,200, na kidogo ya ziada siku mgao ukichelewa. Kwa hiyo naweka hivi:

Lita 2,000 ndiyo chaguo la kwanza kwa familia ya kawaida. Lita 1,000, ambazo ni ndoo 50 za lita 20, zinawatosha wanandoa wenye mtoto mmoja, au nyumba ya mtaa ambako maji hayakatiki kwa siku nyingi mfululizo. Lita 5,000 ni kwa mwenye nyumba ya wapangaji, au anayetaka kuvuna mvua kwa dhati. Mapipa ya lita 200 yaliyopangwa uani nayaweka mwisho kabisa, hata kama ni rahisi kuyapata. Bado utachota kwa kopo, bado utabeba ndoo kuingiza ndani, na yakiachwa wazi mbu wanazaliana humo. Ukilinganisha bei za madukani, gawa bei kwa lita. Mara nyingi tanki kubwa lina nafuu kwa kila lita kuliko dogo, na gharama ya fundi wa bomba haitofautiani sana.

Rangi si urembo. Tanki jeusi au lenye tabaka la ndani linalozuia mwanga halioti ukijani. Lile la rangi nyepesi lenye ukuta mmoja mwembamba, jua la mchana likilipenya, baada ya muda maji yanaanza kunuka. Kabla hujalipa, fungua mfuniko uingize kichwa mchana kweupe. Ukiona mwanga unapenya ukutani, liache. Pitisha mkono pia kwenye ukingo wa mfuniko: uwe unafunga kwa kukazwa, usiwe wa kufunika tu, maana upepo wa ziwani wakati wa mvua unaubeba.

Sasa mahali pa kuliweka, na hapa ndipo Mwanza inampendelea mwenye nyumba. Watu wengi wanakimbilia kujenga mnara wa nondo na zege, ambao unaweza kuwagharimu kuliko tanki lenyewe. Angalia kwanza nyuma ya nyumba. Kama kiwanja chako kina jiwe kubwa lililokaa imara na kilele chake kimepita paa, hapo tayari una mnara. Fundi anasawazisha juu kwa zege, anatengeneza kitako kilicho bapa na kipana kuliko tanki, na bomba linashuka kwa mteremko wa kawaida. Nyumba iliyo mtelemkoni inaweza hata kuweka tanki chini, upande wa juu wa kiwanja, likawa limeizidi nyumba kimo. Ila hakikisha ni jiwe lililoshikwa na mwamba wa chini, si lile lililoegemea jingine. Lita 2,000 zikijaa ni tani mbili.

Kitako kiwe bapa kote. Tanki la plastiki likikalishwa juu ya mbao mbili tatu zenye nafasi katikati, tumbo lake linabonyea kwenye nafasi hizo na siku moja linapasuka. Na kimo ndicho kinachotoa msukumo: kila mita 10 za kimo ni bar 1 (bar ni kipimo cha msukumo), kwa hiyo tanki lililoinuliwa mita 3 linakupa bar 0.3 tu. Hiyo inatosha kabisa kwa sinki na choo. Kwa bafu ni ya kuridhisha. Hita nyingi za kuogea za umeme haziwaki msukumo ukiwa mdogo, hivyo anayetaka hita apandishe tanki kwanza.

Mwambie fundi aweke mambo manne bila kubishana: boya la kufunga maji tanki likijaa, bomba la kumwaga ziada lenye kitambaa cha wavu mdomoni, koki ya chini kabisa ya kusafishia tope, na valvu ya kuzuia maji kurudi kwenye bomba la mtaa. Hiyo ya mwisho mafundi wengi huiruka. Bila hiyo, kuna namna za kuunganisha ambazo bomba la mtaa likikauka, maji ya tanki lako yanateremka kurudi mtaani usiku, asubuhi unamlaumu jirani.

Ukishakuwa na tanki, gata, yaani mfereji wa kukinga maji ya mvua ukingoni mwa paa, inafuata yenyewe. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Bati la mita za mraba 60, mvua ya milimita 20, ni lita 1,200. Toa zinazomwagika, bado umebaki na karibu lita 1,000 kwa mvua moja ya vuli. Acha maji ya mwanzo yapite nje, yana vumbi na kinyesi cha ndege. Kumbuka gata iko chini ya paa, kwa hiyo haiwezi kujaza tanki lililo juu ya jiwe. Hapo itakubidi uwe na tanki la pili la chini, dogo, la kufulia na kumwagilia. Tanki la kuchimbiwa ardhini silipendekezi kwa nyumba za milimani: utachimba nusu mita ukutane na mwamba.

Kwa ndugu zetu wa Kayenze, Igombe au Luchelele wanaochota ziwani moja kwa moja, tanki lina faida nyingine kubwa. Vijidudu vya kichocho vinavyoingia kupitia ngozi haviishi muda mrefu bila mwenyeji, yaani mwili wa kuingia. Maji yakikaa kwenye tanki lililofunikwa, lisilo na konokono wanaovitoa, kwa saa 48 bila kuongezwa mapya, hatari hiyo ya kuogea inaondoka. Ya kunywa bado chemsha.

Nafasi ya pili: jiko

Serikali ilizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia mwaka 2024, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034. Swali la mnunuzi ni dogo zaidi: ninunue lipi?

Wengi wanaanza na mtungi wa kilo 6 wenye jiko juu yake, kwa sababu ni rahisi. Kwa chai na mayai hauna tatizo. Lakini Kanda ya Ziwa tunakula ugali, tena mgumu, na wa muhogo ndiyo usiseme. Mpishi anapokandamiza mwiko kwenye sufuria ya watu wanane, jiko lote linayumba, mkono mmoja umeshika sufuria kwa kitambaa, mguu umeukinga mtungi usianguke. Hapana. Nunua mtungi wa kilo 15 na jiko la plati mbili lenye miguu mipana, uliweke juu ya meza nzito au kizimba cha tofali kinachofika kwenye nyonga ya anayesonga, si juu zaidi, ili asonge kwa uzito wa mwili. Kabla hujalibeba, jaribu kulisukuma kwa mkono pale pale dukani. Lile linaloteleza bila sufuria litateleza na sufuria pia.

Mtungi uupimishe kwenye mzani. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye chuma chenyewe; ongeza kilo 15, jumla ndiyo unayotakiwa kuiona. Mpira ukaguliwe kwa povu la sabuni, palipo na mapovu yanayokua panavuja. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, inatulia sakafuni, kwa hiyo mlango wa chumba cha kupikia uwe na uwazi chini, na mtungi usimame wima daima.

Pamoja na gesi, jiko la presha la umeme nalipa sifa bila kusita kwa kazi moja: maharage, makande, kongoro. Jiko la wati 1,000 likiwaka saa nzima bila kupumzika linakula uniti moja, na hili hupumzika kila presha inapopanda, kwa hiyo sufuria ya maharage inakula chini ya hapo. Cha muhimu zaidi, hakuna anayelisimamia. Mama anafunga mfuniko anakwenda sokoni Kirumba, akirudi yameiva. Ila aliye kwenye kundi la TANESCO la wanaotumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi ahesabu vizuri, asije akavuka akalipia bei ya juu kwa ajili ya makande.

Nafasi ya tatu: wavu wa madirisha na milango

Anayeishi Capri Point, Bwiru au Kirumba ufukweni anawajua wadudu wale wadogo wa ziwani. Hawaumi, lakini wanapanda toka majini kwa wingu, hasa siku chache baada ya mwezi kuandama, na wakiona taa wanaingia hadi kwenye chakula. Mbu wao wanakuja kila siku na malaria yao.

Wavu wa aluminiamu ni bora kuliko wote: haushiki kutu, haulegei. Wa nailoni ni wa pili, unafaa kwa mpangaji ambaye kesho atahama. Wa chuma kilichopakwa rangi usiununue, rangi ikikwaruzika misimu michache ya mvua inatosha kuumaliza. Uombe fremu inayotoka kwa kuondoa skrubu, ili wavu ufuliwe. Wavu uliopigiliwa misumari ukijaa vumbi unazuia hata upepo. Mlango wa nyuma, ule wa jikoni, upewe wavu kabla ya dirisha la sebule, kwa kuwa ndio unaokaa wazi jioni. Na chandarua kitandani kibaki palepale.

Ya nne na ya tano, kwa haraka

Kinga ya friji, ile inayojulikana madukani kama frijigadi. Umeme ukirudi baada ya kukatika huja na mshtuko, na bonde la Ziwa Victoria lina radi nyingi kupindukia. Kifaa hiki kinakata umeme ukiwa mdogo au mkubwa mno, na kinangoja dakika chache kabla ya kuruhusu friji iwake. Ni kidogo, ni cha bei ndogo, na kinalinda friji yenye sato na sangara wa wiki nzima. Radi ikianza kupiga karibu, bado chomoa. Nyumba iliyojengwa juu ya mwamba, mtake fundi umeme aipime ethi, yaani waya unaopeleka umeme uliopotea ardhini, kwa kifaa, kwa sababu udongo ni mwembamba na fimbo ya ethi huenda haikufika popote pa maana.

Ngazi na kishikio. Kama kutoka barabarani hadi mlangoni unapanda juu ya mawe, mifuko michache ya saruji itakuletea raha kuliko televisheni kubwa. Vidaraja vilingane, sentimita 15 hadi 18 kila kimoja, vikwaruzwe juu visiteleze wakati wa masika, na bomba la chuma lipite upande mmoja, toka chini hadi juu. Bibi atashika hapo. Na aliyebeba mtungi wa gesi pia.

Vinavyoweza kusubiri

Pampu ya kuongeza msukumo ni ya kununua baada ya kuona tanki lililoinuliwa limeshindwa, kwa sababu inategemea umeme uleule unaokatika. Mashine ya kufulia isubiri hadi maji yawe ya uhakika siku zote. Inveta na betri ni vizuri kwa mwenye duka au anayefanya kazi nyumbani, lakini kwa taa za jioni taa mbili tatu za kuchaji zinatosha.

Tanki likishanunuliwa, panga usafiri kabla ya kulitoa dukani. Kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, kinalifikisha hadi barabara inapoishia, kuanzia hapo ni mabega ya vijana. Patana nao bei ukiwa chini, kamba iwe tayari, na njia mmeshaitembea mkiangalia palipo pembamba kuliko tanki. Dai risiti yenye tarehe na saizi ya tanki, uihifadhi pamoja na karatasi ya dhamana. Lijaze maji siku hiyo hiyo hadi juu, ulizunguke ukipapasa maungio yote kwa mkono mkavu, fundi akiwa bado yupo na hajalipwa zote.