Kia Niro tatu, bodi moja: kwa nini nilichukua ya umeme na shemeji akaikataa

Shida ya kuchagua SUV ndogo siku hizi ni kwamba unalinganisha vitu visivyolingana. Huku kuna Toyota Yaris Cross ya haibridi, yaani injini ya petroli ikishirikiana na mota ya umeme, kule Volvo EX30 ya umeme mtupu, na katikati Nissan Qashqai e-Power, ambayo ina injini ya petroli lakini injini hiyo haizungushi tairi hata kidogo: kazi yake ni kufua umeme tu, mota ndiyo inayosukuma gari. Kila moja ina viti vyake, sauti yake na skrini yake. Ukishuka kwenye moja ukapanda nyingine, huwezi kujua kama kilichokuvutia ni umeme au ni upya wa gari.

Kia Niro ndiyo iliyonitoa kwenye mkanganyiko huo. Kizazi chake cha pili, kilichotoka 2022, kina bodi moja yenye urefu wa mita 4.42 lakini kimeuzwa kwa mifumo mitatu: haibridi ya kawaida, haibridi ya kuchomeka, na umeme mtupu. Usukani ni ule ule, siti zile zile. Nikaziendesha zote tatu kwenye njia moja, yenye foleni, mlima na kipande cha barabara kuu, nikiwa na shemeji yangu ambaye naye alikuwa anatafuta gari. Mimi nilichukua ya umeme. Yeye hakuitaka, na sababu zake zilikuwa nzuri kuliko za watu wengi wanaobishana kuhusu magari haya.

Tuanze na haibridi ya kawaida. Ina injini ya lita 1.6, mota ndogo na betri isiyozidi kilowati-saa 1.5 (kilowati-saa ni kipimo cha umeme ambao betri inaweza kubeba). Huichomeki popote. Betri inajazwa na injini yenyewe, na kila unapokanyaga breki au kuachia mafuta, mota inageuka jenereta na kurudisha sehemu ya nishati ambayo ingepotea kama joto kwenye breki. Kwenye foleni ni raha: unatambaa kimya, injini inalala, inaamka, inalala tena. Ukiingia barabara kuu ukakaa kwenye mwendo mmoja, faida hiyo inapungua, kwa sababu hakuna breki za kurudisha chochote. Kwa hiyo mtu ambaye maisha yake yote ni safari ndefu za mwendo wa kasi asitegemee haibridi imfanyie maajabu yanayosimuliwa na madereva wa mjini.

Niro ya haibridi ina gia sita zinazobadilika zenyewe, hivyo inaendesheka kama gari la kawaida la otomatiki. Yaris Cross haina gia za kupanda na kushuka, ina mfumo wa gia za sayari unaogawa kazi kati ya injini na mota. Ukikanyaga mlimani, sauti ya injini inapanda kwanza na mwendo unafuata nyuma yake. Wengine hilo linawakera. Mimi halikunisumbua, ila usikubali kununua kabla hujaijaribu kwenye mlima ukiwa na watu ndani ya gari. Kwa matumizi ya mafuta hakuna cha kugombania: kwenye vipimo rasmi zote mbili zinacheza kwenye lita 4.5 hivi kwa kilomita 100.

Shemeji alichukua Yaris Cross. Anaishi ghorofani, gari linalala popote atakapopata nafasi, na hakuna waya utakaoshuka kutoka dirishani kwake hadi chini. Mjadala wake uliishia hapo, na mimi naona ndipo mjadala wa kila mtu unapopaswa kuanzia. Kabla ya kusoma chochote kuhusu betri, jiulize gari litalala wapi na kama hapo pana umeme unaoweza kuutumia usiku kucha. Kama hapana, chaja za umma zitakuwa kituo chako cha mafuta, na ni kituo ambacho hata kwenye mashine za haraka unaweza kukaa zaidi ya nusu saa. Jambo moja kwa anayeifikiria hiyo Yaris Cross: ile ya kuendeshwa na tairi zote nne ina mota ya pili nyuma, na buti yake inashuka kutoka lita 397 hadi 320.

Haibridi ya kuchomeka sikuielewa, na nimejitahidi. Ina betri ya kilowati-saa 11.1, inayokupa kama kilomita 60 za umeme kwenye vipimo. Ili ufaidi inabidi uwe na pa kuchomeka kila siku; na mwenye pa kuchomeka kila siku tayari anaweza kumiliki gari la umeme mtupu. Usipoichomeka, unabeba uzito wa betri kubwa bure. Kisha kuna buti: ya umeme ina lita 475, ya haibridi ya kawaida 451, hii 348. Namuona mtu mmoja inayemfaa, yule ambaye siku zake za kazi ni safari fupi lakini mara kwa mara anakwenda mbali kusiko na chaja. Kama ni wewe, sawa. Ila usinunue kwa kuvutiwa na ile takwimu ya karibu lita moja kwa kilomita 100, maana kipimo kinachukulia kwamba unachomeka kwa bidii.

Sasa ya kwangu. Betri ni kilowati-saa 64.8, mota ni kilowati 150, na umbali rasmi ni kilomita 460. Kuhusu hiyo 460 kuna hesabu ambayo muuzaji hatakufanyia. Matumizi rasmi yameandikwa kilowati-saa 16.2 kwa kilomita 100. Zidisha kwa 460, unapata karibu kilowati-saa 75, wakati betri inabeba 64.8. Zile kumi zimekwenda wapi? Zimepotea njiani kutoka ukutani hadi kwenye betri, kwa sababu matumizi rasmi yanapimwa kwenye soketi. Bili yako ya umeme inafuata 75. Skrini ya gari itakuonyesha namba ya kupendeza zaidi, nayo si uongo, inapima kitu kingine tu.

Kwenye mizunguko ya mjini napata kilomita zinazokaribia zile za kwenye karatasi. Barabara kuu ni habari nyingine. Upinzani wa upepo unapanda kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo kutoka 100 hadi 120 kwa saa unaongezeka kwa asilimia 44. Nikishikilia 120, matumizi yanapita kilowati-saa 20 kwa kilomita 100, na betri iliyojaa inanipa kilomita 300 na kidogo. Isitoshe, safarini huanzi kila kipande na betri iliyojaa. Unachaji kutoka asilimia 10 hadi 80, kwa sababu baada ya hapo chaja inapunguza kasi sana, na hiyo asilimia 70 ni kama kilomita 220. Panga safari kwa namba hiyo, achana na 460.

Kutoka 10 hadi 80 kwenye chaja ya haraka, Niro inachukua kama dakika 43. EX30 yenye betri kubwa inapokea umeme kwa kasi zaidi, inafika kilowati 153. Kwa mtu wa safari ndefu kila wiki, kasi ya kupokea umeme ina maana kuliko ukubwa wa betri. Mimi safari hizo ni chache, nikaona siti ya nyuma ya Niro, ambako mtu mzima anakaa bila kukunja magoti kifuani, ni bora kuliko dakika ambazo EX30 ingeniokolea. EX30 ni tamu kuendesha, ila nyuma ni finyu, na kasi ya gari unaisomea kwenye skrini ya katikati badala ya mbele ya usukani. Sikuizoea, na sikutaka kuizoea.

Nyumbani nilianza na soketi ya kawaida ya ukutani. Ampea 10 kwa volti 230 ni kilowati 2.3. Ukiiacha ichaji usiku kwa muda wa saa kumi, unapata kilowati-saa 23, ambazo baada ya upotevu zinatosha zaidi ya kilomita 100 za kesho yake. Watu wanaosema lazima ufunge chaja ya ukutani ndipo umiliki gari la umeme wanatisha wenzao bure. Muhimu ni soketi yenyewe: mzigo wa saa kumi mfululizo si sawa na pasi ya dakika tano, na soketi iliyochoka itapata moto. Mwite fundi umeme aipe soketi hiyo waya wake peke yake. Baadaye nilifunga chaja ya kilowati 7, inayojaza betri usiku mmoja hata ikiwa karibu tupu. Ni starehe, si lazima.

Chaja za umma zimenifundisha kutotegemea kituo chenye mashine moja. Nimeshafika mahali programu inaonyesha chaja iko huru, nikakuta skrini imezima na hakuna wa kumuuliza. Sasa nachagua vituo vyenye mashine nne au zaidi, hata vikiwa mbali kidogo.

Kama unanunua gari lililotumika kutoka nchi nyingine, tazama tundu la kuchajia kabla ya kutazama rangi. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani mara nyingi yana CHAdeMO, ya soko la China yana GB/T, ya Ulaya CCS2. Gari zuri lenye tundu ambalo vituo vya kwenu havina litabaki kuchaji polepole maisha yake yote.

Jingine la kuuliza ni aina ya betri. BYD Atto 3, ambayo niliifikiria kwa dhati, ina betri ya LFP (lithiamu yenye chuma na fosfeti) ya kilowati-saa 60.48, na LFP haisumbuki ukiijaza hadi 100 mara kwa mara. Niro yangu ina kemia ya nikeli, isiyopenda kujazwa yote kila siku, kwa hiyo siku za kawaida nimeiwekea kikomo cha asilimia 80 na kuijaza yote nikiwa na safari. Ni mpangilio wa mara moja kwenye skrini, kisha unausahau. EX30 inauzwa kwa aina zote mbili kulingana na toleo, kwa hiyo uliza.

Usidanganywe na jina SUV. Niro zote tatu zinasukumwa na tairi za mbele tu, na kwenye tope hazina ubavu kuliko gari la kawaida lililoinuka kidogo. Na fungua buti uangalie chini ya zulia: magari mengi ya aina hii hayaji na tairi la spea, unapewa chupa ya dawa ya kuziba pancha na pampu ndogo. Dawa hiyo haisaidii tairi likichanika ubavuni. Nimenunua spea kamili, inakula nafasi kwenye buti na kila anayepakia mizigo analalamika, nami nimekataa kuitoa.